Mlima Ulikuwa Wangu Kwanza

Jumanne, 1 Julai

Ngazi tena. Jengo la kuegesha magari, chini mpaka juu, juu mpaka chini, begi mgongoni limejaa chupa za maji. Jua halijatoka sawasawa na jasho lishaingia machoni. Rahma mbele, mie nyuma. Anapanda huku anazungumza na simu. Anazungumza! Mie pumzi sina hata ya kumwambia anyamaze.

Nna wivu. Nauandika hapa kwa sababu hapana mahala pengine pa kuutua.

Mlima wenyewe Matterhorn, Uswisi. Niliupenda tangu niko chuo. Picha yake nikaibandika mlangoni mwa kabati langu, hapa hapa nyumbani Al Khoudh, chumba hiki hiki. Rahma mdogo wangu alikuwa bado anasuka vikia viwili. Akaniuliza kwa nini nimebandika jino.

Mwaka jana tulikwenda. Mie kupanda, yeye kunisindikiza. Huko kiongozi mmoja humchukua mtu mmoja, kamba moja, na hakuchukui mpaka akupime kwanza kwenye mlima mdogo. Akanipima. Kwenye jiwe alinisifu. Kwenye ukingo wa theluji, na vyuma vya meno chini ya viatu, magoti yakaanza kutetemeka na hayakuacha. Mie nimekulia jiwe na jua, theluji nimeijulia wapi? Siku iliyobaki Rahma akaomba ajaribu, mzaha tu. Akapita kama mtu anayevuka chumba kwenda kuzima taa. Kiongozi akamwambia arudi mwaka huu, atampeleka. Mie alinigusa bega.

Sitolisahau bega lile.

Mwezi ujao anakwenda. Na ninayemfundisha ni mimi.

Ijumaa, 4 Julai

Chakula cha mchana, watu wote nyumbani. Mama kapika wali wa nazi na mchuzi wa papa. Mama Mkubwa, dada yake Mama, kaja kutoka Mawaleh na matikiti. Akamtaka Rahma awaeleze huo mlima ni mlima gani hata mtoto wa kike aufuate huko kwenye baridi.

Rahma akaeleza. Hadithi zangu! Zile nilizomhadithia mie, na mikono anaipunga kama ninavyoipunga mie. Kwamba alikuwako Mwingereza mmoja na Mtaliana mmoja, zamani za mababu, kila mmoja anautaka mlima ule. Walishajaribu pamoja upande wa Italia wakashindwa. Mtaliana akamtoroka mwenzake, kaondoka kimya na watu wa kwao. Mwingereza akapandwa na ghadhabu, akazunguka upande wa Uswisi, akaokota watu haraka haraka, akafika juu mwanzo. Akatazama chini, akawaona Wataliana bado wanatambaa. Akaporomosha mawe ili wamuone. Wataliana wakamuona. Wakageuka wakarudi.

Watu wakacheka. Mama Mkubwa akasema huyo Mwingereza hana adabu. Rahma akaishia hapo, kwa sababu ndipo penye kicheko. Walivyoshuka hakusema. Mmoja aliteleza, akawavuta wenzake, kamba ikakatika. Walipanda saba, wakarudi watatu. Mie nimesoma yote hayo. Yeye hata jina la Mtaliana halijui.

Mie siku zote nilikuwa upande wa Mtaliana.

Kisha Mama Mkubwa akaniuliza, huyu ataweza kweli? Nikasema, "Huyu miguu yake ya mbuzi. Haanguki hata ukimsukuma."

Sikutia mashallah.

Mikono ikasimama juu ya wali. Mama akanambia, "Sema mashallah, Asya." Nikamwonyesha mdomo, natafuna. Nikatafuna. Tonge lile lingemezeka zamani. Nikasema baadaye, kwa sauti ya chini, watu wamerudi kwenye mchuzi.

Sina la kujitetea. Nilijua.

Jumamosi, 5 Julai

Tumekwenda milimani, Jabal Akhdar, kulikimbia joto. Kule juu kuna upepo, mtu unakumbuka kwamba una mapafu. Asubuhi yote kwenye jiwe na kamba, mie nimemshikia Rahma, Rahma kanishikia mie. Hakukosea hata mara moja.

Tukamaliza. Tukarudi kwa njia ya punda, pembeni mwa makomamanga, gari tunaliona. Rahma akawa anavua kofia yake ngumu. Akakanyaga kijiwe. Mguu ukajikunja, akaanguka.

Njia ya punda! Bibi kizee anapita pale na ndoo kichwani.

Nilisikia kifundo kilivyolia. Neno la kwanza kichwani mwangu halikuwa Rahma. Lilikuwa Agosti.

Nikambeba mgongoni mpaka garini. Njia nzima ya kuteremka analia, na mie naendesha na kusema pole, pole. Ilikuwa pole ya kweli. Lakini haikuwa peke yake.

Jumapili, 6 Julai

Mfupa haukuvunjika. Mishipa imevutika, mguu umevimba kama andazi. Magongo. Mama anafukiza ubani nyumba nzima. Akifika kwangu anasimama kidogo, anazidisha moshi.

Jumanne, 8 Julai

Rahma kaniita chumbani kwake. Kashamwandikia kiongozi. Kiongozi kajibu: siku yake haiwezi kusogea, msimu umejaa, lakini dada mtu akitaka kuja badala yake, aje. Atampima tena kwanza.

"Nenda wewe, Da Asya. Mlima ulikuwa wako kwanza."

Nikasema tutaona. Nikatoka. Nikafunga mlango wa chumba changu, nikakaa kitandani na mkono mdomoni nisisikike.

Nimefurahi. Mguu wa mdogo wangu umevimba, nami nimefurahi. Nimeviteremsha vile vyuma kutoka juu ya kabati, nikavifuta vumbi. Viatu nimevipeleka Wadi Kabir kwa fundi, soli ya kulia imeanza kufumuka. Fundi kaniuliza nasafiri lini. Nikamjibu Agosti. Tamu hiyo, wallahi.

Ijumaa, 11 Julai



Mama Mkubwa kaja. Kahawa, tende, mazungumzo. Mara anataka ninywe kahawa pamoja naye, yeye ambaye siku zote ananiambia nakunywa sana. Nikanywa. Nikaitikisa finjani, nimetosheka, nikaiweka na funda moja limebaki chini. Nikaenda chooni. Niliporudi, kabla sijaingia, nikamuona kwa mlango wa jikoni. Kaishika finjani yangu. Si yake, yangu, ile yenye mstari wa dhahabu uliofutika. Anaimimina ndani ya kichupa cha dawa, kichupa akakitia mfuko wa pembeni wa mkoba wake. Na kokwa za tende nilizozila kazikusanya ndani ya karatasi.

Kila mtu hapa anajua maana yake. Mtu akipatwa na jicho, hutafutwa mabaki ya yule anayedhaniwa. Alichokunywa, alichogusa, na bora zaidi maji aliyotawadhia kwa hiari yake. Mgonjwa huchanganyiwa na maji, akaoga.

Anayedhaniwa ni mimi.

Mama alikuwa pale pale, anaosha sahani. Mgongo kanipa.

Jumamosi, 12 Julai

Sisemi na mtu. Nakula chumbani.

Miaka yote nimemfundisha kufunga kamba. Nimemshikia roho yake kwa mikono yangu miwili, huku yeye ananing'inia na kucheka. Leo mimi ndiye mwenye jicho. Kwa siri! Kama wanakusanya mavi ya paka!

Wangeniomba. Wangekuja wakanambia usoni, Asya, tuna wasiwasi nawe. Ningepiga kelele, ningevunja sahani, kisha ningewapa.

Na linalonikera zaidi: hawakukosea. Jicho kama liko sijui. Kijicho ninacho.

Jumatano, 16 Julai

Nilimpeleka Rahma kwa yule Mkenya anayemkanda mguu, Wanjiru. Rahma alipokwenda kuvaa, Wanjiru akanivuta kando. "Madam, huyu mguu wake uko poa kabisa. Shida ni anaogopa kuukanyaga. Kuna mtu amemwambia kitu?"

Nikasema sijui.

Najua. Ile kahawa yangu kashaogeshwa. Mama Mkubwa bila shaka kashamwambia kwamba mabaki yaliyoibwa pengine hayatoshi.

Jioni niliingia chumbani kwake kuchukua chaja. Alikuwa kanyoosha mguu kitandani. Aliponiona akavuta khanga akaufunika.

Haraka, bila ya kufikiri. Kama unavyofunika chakula nzi akiingia.

Nikachukua chaja nikatoka. Sikuweza hata kukasirika.

Alhamisi, 17 Julai

Kazini sikufanya lolote. Karatasi zilikuja na kuondoka.

Nimejipigia hesabu hivi. Nikikaa kimya, Rahma hatoukanyaga mguu. Asipoukanyaga, nakwenda mie. Sina haja ya kumdhuru mtu. Sina haja ya kusema uwongo. Nikae tu.

Nikae tu na chuki zangu, niende nikasimame juu ya jino lile. Kisha nirudi, mdogo wangu aendelee kunifunikia mguu wake mpaka tunazeeka.

Vyuma viko chini ya kitanda. Nimevisukuma ndani zaidi kwa unyayo.

Ijumaa, 18 Julai

Nimefanya.

Baada ya chakula, wote wamekaa ukumbini, Mama Mkubwa yumo. Nikaleta beseni la kufulia, lile la buluu, na birika la maji. Nikakaa chini katikati ya zulia. Nikatawadha. Uso, mikono, mpaka viwiko, miguu, maji yote ndani ya beseni. Mama Mkubwa mdomo wazi.

Nikasema, "Nilimwonea kijicho. Mlima nautaka mimi na kauchukua yeye, na roho inaniuma. Haya maji haya, aogee. Kama sina jicho hayatamdhuru. Kama ninalo, ni haki yake. Na finjani yangu msiiguse tena kwa wizi."

Mama akaanza kulia. Mama Mkubwa akasema astaghfirullah, nani kasema, nani kamtaja mtu. Nikamwambia kichupa kiko ndani ya mkoba wako, Mama Mkubwa, mfuko wa pembeni. Akauvuta mkoba karibu yake.

Rahma akacheka. Kisha hakucheka tena. Akatupa magongo, akaenda kwa mguu mmoja mpaka bafuni, mie nyuma na beseni, akainama. Nikammiminia mgongoni. Akapiga ukelele, maji baridi, kiyoyozi kinavuma. Nikamwambia huko unakokwenda ndio baridi, hii si baridi.

"Ninakokwenda mimi?"

"Kwani mie nimepimwa nikapita?"

Akaniangalia. Maji yanamtiririka kwenye nywele. Akashusha mguu ule chini, taratibu, unyayo mzima kwenye vigae. Akausimamia.

Nimempa. Na bado nna wivu. Nilidhani utatoka na maji. Haukutoka.

Jumapili, 3 Agosti

Ngazi. Yeye mbele tena. Safari hii simu kaiacha garini.

Nimemhadithia ile sehemu asiyoisema. Kamba iliyokatika. Ameisikiliza yote, ngazi zote. Nikamwambia, kama utasema hadithi zangu, ziseme mpaka mwisho.

Jumapili, 10 Agosti

Uwanja wa ndege. Mama kamsomea, kampulizia kichwani. Mama Mkubwa kamfungia hirizi ndani ya soksi, mie nimejifanya sikuona.

Nikampa vyuma vyangu. Vyake vizito. Nikamwambia jambo moja tu: ukifika juu usinipigie. Nipigie ukishashuka.

Nimerudi nyumbani peke yangu kwenye gari. Nimeiwasha redio nikaizima. Nilitamani ndege icheleweshwe. Nilitamani isicheleweshwe. Mtu anachoka na roho yake mwenyewe.

Jumatatu, 18 Agosti

Rahma kaandika. Yuko mjini chini ya mlima, pale magari hayaruhusiwi, watu wanafika kwa treni. Kiongozi kampima tena, mguu hauna neno. Lakini joto limezidi huko mwaka huu. Barafu inayoshika mawe inalainika, mawe yanaporomoka. Juzi viongozi wamekataa kupanda. Kesho hawajui. Wakifunga njia, basi, mpaka mwaka ujao.

Nimesoma mara mbili. Kuna kipande ndani yangu kilichosema, wafunge.

Nikainuka nikasali rakaa mbili. Sikujua niombe nini, nikasali hivyo hivyo.

Alhamisi, 21 Agosti

Juzi usiku theluji kidogo imeanguka, mawe yametulia. Jana Rahma alipanda kwa gari la kamba, kisha kwa miguu mpaka kibanda cha ukingoni. Leo alfajiri wametoka. Viongozi wa kwao hutoka mwanzo, wageni nyuma, zamu yake kila mtu. Hayo nayajua bila ya kuambiwa. Nimeomba ruhusa kazini, nimesema tumbo.

Kabla ya saa sita, simu zote za nyumba zikalia pamoja. Picha, kwenye kundi la familia. Rahma juu. Uso mwekundu, midomo imepasuka, nyuma yake hakuna kitu ila mbingu. Vyuma vyangu miguuni.

Roho ikanikata. Sitaandika vyengine. Ikanikata kama kisu cha samaki.

Mama kapiga vigelegele. Majirani wamekuja. Mama Mkubwa kafika na sufuria la halua bado ya moto, na kahawa birika mbili. Kila mtu anakula. Mie wamenipa kisahani, nimekiweka. Wamenisogezea, nimekisogeza.

Mama Mkubwa akasema mbele za watu, "Bado tu hiyo roho, Asya? Mdogo wako kafika, kula halua!"

Ningemwambia nini? Kwamba wale saba walifika. Kwamba na wao walisimama pale pale wakafurahi. Kwamba aliye juu bado hajamaliza, ile ni nusu, na nusu nzuri ndiyo iliyokwisha? Miguu imechoka, kamba zimelowa, jua limewasha mawe. Yule kiongozi yuko nyuma yake sasa, anamteremsha kama anavyoteremshwa mtoto kwenye ngazi. Akiteleza mmoja wameteleza wawili.

Ningewaambia, Mama angeanguka pale pale. Nikawaacha wale. Wacha waseme nna kijicho. Kijicho ninacho, lakini sicho kinachonizuia kula halua.

Adhuhuri. Kimya. Watu wanaondoka, wananipa mkono wa juu juu.

Alasiri. Kimya. Nimekaa kwenye ngazi za nje, joto linatoka kwenye vigae linapenya nguo. Simu pajani. Nimelisema lile neno nililolitafuna siku ile. Mashallah. Mashallah tabarakallah. Kwa sauti, hapana mtu. Nikalirudia mpaka ulimi umekauka.

Ikalia. Jina lake. Nikashindwa kubonyeza mara ya kwanza.

"Da Asya. Nimeshuka. Niko kibandani. Sijamwambia mtu bado. Wewe wa kwanza."

Nikasema mguu je. Akasema mguu upo. Nikasema vua hivyo vyuma vyangu usivichakaze. Akalia, nami nikalia, kisha nikamkatia simu kwa sababu sikutaka anisikie.

Ijumaa, 22 Agosti

Asubuhi. Nyumba tulivu. Mama Mkubwa amelala hapa, Mama kaamka mapema.

Nimekula halua. Imepoa, imeshikana, ya jana. Nimeila na kijiko kile kile kilichokuwa kwenye kisahani.

Simu ya jana Mama aliisikia dirishani, nadhani, au mimi nilikuwa nalia kwa kelele. Akanimiminia kahawa kwenye ile finjani yangu. Tukakaa.

Mlima bado nautaka. Kiongozi hajaniuliza na sitajipendekeza. Nitatafuta theluji mahala, nijifunze kusimama. Au sitatafuta. Sijui.

Nimeitikisa finjani. Nimeacha funda moja chini, makusudi, nikaisogeza katikati ya meza. Anayelitaka alichukue, mchana kweupe.

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni, katazama. Mama akainuka, akaichukua, akaimwaga kwenye sinki. Akaiosha pamoja na vyombo vyengine.